Fyuzi Ikiungua, Tuulize Kwanza



Nyuma ya bwalo letu ipo karakana ndogo, na ndani yake ipo mashine ya kukatia mbao kwa mwanga wa leza. Si mashine ya kiwandani. Ni ile ya mezani, ya wati 40, ambayo watu wanaopenda ufundi huinunua kwa matumizi ya nyumbani. Sisi huitumia saa za kazi za mikono kukatia misalaba ya plaiwudi, vibao vya namba za nyimbo na majina ya vituo vya Njia ya Msalaba. Miezi michache iliyopita fyuzi yake iliungua. Ilikuwa Ijumaa jioni, siku mbili kabla ya Kipaimara katika parokia jirani. Tulikuwa tumeahidi misalaba 84, mmoja kwa kila mtoto. Iliyokuwa tayari ni 31.

Tunaandika kuhusu jioni ile kwa sababu tulikaribia kufanya jambo ambalo wengi wamelifanya bila kuliona kuwa baya: kuizungushia fyuzi iliyoungua karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara ili kazi iendelee. Kwa maoni yetu, jambo hilo ni suala la dhamiri kabla ya kuwa suala la ufundi, na nyumba za Kanisa zinapaswa kuwa za kwanza kuliacha.

Tuanze na fyuzi yenyewe. Ya mashine yetu ni kijibomba cha kioo chenye urefu wa milimita 20 na upana wa milimita 5. Kina kifuniko cha chuma kila upande, na katikati unapita waya mwembamba kama unywele. Kwenye kifuniko yameandikwa maandishi madogo: F5AL250V. Herufi F inasema kwamba fyuzi hii hukatika upesi. Ingekuwa T, ingevumilia kidogo, kwa ajili ya vifaa vinavyovuta umeme mwingi vinapowashwa. 5A ni kiwango chake, ampea tano, na 250V ni kikomo cha volti. Umeme wa kawaida ukipita, ule waya hupata joto kidogo tu na kazi huendelea. Umeme ukizidi mno, huyeyuka na njia ikakatika. Imetengenezwa kwa makusudi iwe sehemu dhaifu kuliko zote, ili jambo likiharibika iungue yenyewe kabla nyaya hazijawaka au mtu hajashika chuma chenye umeme.

Jioni ile mashine ilizimika katikati ya msalaba wa 32. Feni ya kutoa moshi ilinyamaza, pampu ya maji ikanyamaza, lakini taa za karakana ziliendelea kuwaka. Tulichomoa plagi, tukafungua kidroo kidogo nyuma ya mashine, pale waya wa umeme unapoingia. Mlikuwa na fyuzi mbili, ya kazi na ya akiba. Kioo cha ile ya kazi kilikuwa cheusi ndani kama kilichopakwa masizi. Tukaitoa, tukaweka ya akiba, tukarudisha plagi na kuwasha. Tulisikia mlio mdogo tu, tak! Mashine haikuamka. Fyuzi ya pili nayo ilikuwa nyeusi.

Hilo lilikuwa kosa letu la kwanza, na tunalikiri. Fyuzi iliyozidiwa kidogo mara nyingi huonyesha waya uliokatika katikati huku kioo kikibaki safi. Kioo kikiwa cheusi, au kikipata rangi ya fedha kwa ndani, maana yake waya uligeuka mvuke kwa ghafla kwa sababu umeme mwingi mno ulipita mara moja. Yaani kuna shoti mahali. Tulikuwa na ushahidi mkononi na hatukuusoma. Tulifanya kama mtu anayemeza dawa ya kushusha homa bila kupima malaria.

Sasa hatukuwa na fyuzi nyingine. Maduka ya vifaa vya umeme yako mjini, na ruhusa ya kutoka seminarini haiombwi saa kumi na mbili jioni. Mmoja wetu akatoa wazo la karatasi ya sigara, akasema plagi ya redio nyumbani kwao imeishi hivyo kwa miaka. Hatukumpinga. Kusema kweli, wote tulikuwa tumeshaliwaza. Tuliwaza watoto, tukamwaza Baba Askofu, tukaliwaza na jina letu. Tukapata hata maneno ya kiroho ya kujifariji: kazi hii ni ya Bwana, atailinda mwenyewe. Karatasi ikapatikana.

Ndipo akaingia mzee anayetunza jenereta na pampu za seminari.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mafrateri. Mbona mmeizunguka mashine kama wafiwa?"

Tulimweleza. Alizitazama zile fyuzi mbili, akaitazama karatasi, kisha akauliza, "Imewaambia nini?"

"Imeungua, Mzee."

"Hilo naliona. Nauliza imewaambia nini."

Hatukuwa na jibu. Alihakikisha plagi kuu imechomolewa. Kisha akachomoa plagi za feni na pampu, ambazo hupata umeme kupitia soketi zilizo nyuma ya mashine, akachukua multimita na kuzipima moja moja, ncha moja kwenye pini na nyingine kwenye bati la mashine. Feni, kimya. Pampu, mita ikalia. Akatuamuru tuivute mashine kutoka ukutani. Waya wa pampu ulikuwa umebanwa kati ya ukuta na ukingo mkali wa bati. Ganda la plastiki lilikuwa limekatwa, na shaba ilikuwa inagusa chuma. Aliyeubana tulimjua. Wiki iliyotangulia tulikuwa tumeisukuma mashine ukutani sisi wenyewe ili tupate nafasi ya kupanga mbao.

Mzee hakuishia hapo. Aliomba bisibisi, akafungua plagi kuu. Plagi za pini tatu tunazotumia huku kwetu, za mtindo wa Uingereza, huwa na fyuzi ndani yake, ya kauri, na hiyo ilikuwa ya ampea 13. Ilikuwa imezungushiwa karatasi ya kung'aa. Mtu fulani, siku fulani, alikuwa na haraka kama yetu. Tuliulizana na kuuliza wengine. Hakuna aliyejua ni nani wala tangu lini. Kwa hiyo ile fyuzi ndogo ya kioo ilikuwa mlinzi wa mwisho aliyebaki ndani ya karakana, na sisi tulikuwa tumeshika karatasi ya kumwondoa naye.

Mtu atasema, si ipo breka ukutani? Ipo. Shoti kubwa ingeweza kuiangusha. Lakini waya uliochubuka si lazima uguse chuma kwa nguvu. Unaweza kugusa na kuachia, ukavuta umeme usiotosha kuangusha breka lakini unaotosha kuuchoma waya mwembamba wa pampu. Chumba kile kimejaa vipande vya plaiwudi na mabaki ya moshi wa mbao. Na kama waya wa ethi ungekuwa umekatika mahali, bati zima la mashine lingebaki na umeme wa volti 230, huku pembeni pameketi ndoo ya maji ya kupoza leza. Anayefagia karakana ile asubuhi ya Jumamosi ni frateri wa mwaka wa kwanza, na yeye hakuwa pamoja nasi jioni ile.

Huyo ndiye anayetufanya tuseme kwamba suala hili ni la dhamiri. Anayezungushia fyuzi karatasi huwa anajua alichofanya. Atakuwa mwangalifu, atasikiliza mlio, atanusa harufu. Lakini karatasi hubaki ndani ya plagi baada yake. Atahamishwa, atasahau, atapewa upadre na kwenda mbali. Anayekuja baada yake ataona plagi nzima, ataiamini, na hatari aliyoachiwa hakuichagua. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, aya ya 8, kinamwagiza ajengaye nyumba mpya aweke ukingo kwenye paa lake, ili mtu akianguka damu isiwe juu ya nyumba ile. Mwenye nyumba analijua paa lake, haanguki kirahisi. Ukingo ni kwa ajili ya mgeni. Fyuzi ni ukingo wa namna hiyo, na karatasi ni kuubomoa ukingo usiku na kuacha paa likionekana kama zamani.

Katika falsafa tunasoma Metafizikia ya Aristotle, na katika kitabu chake cha kwanza anatofautisha mtu mwenye uzoefu na mtu mwenye ufundi wa kweli: wa kwanza anajua kwamba jambo liko hivi, wa pili anajua kwa nini. Tulikuwa tumeyasoma hayo darasani na kuyajibia mtihani. Lakini katika karakana sisi tulijua kwamba fyuzi imeungua, na mzee ambaye hajakaa darasani kwetu aliuliza kwa nini. Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika Summa Theologiae, anahesabu miongoni mwa sehemu za busara tahadhari, na pia utayari wa kufundishwa na wazee na wenye uzoefu. Jioni ile hatukuwa na tahadhari. Tunamshukuru Mungu kwamba utayari wa kufundishwa ulikuwa haujatutoka.

Tunajua pingamizi litakalotolewa, na ni la haki. Watasema: ninyi mnaongea kama watu wenye maduka jirani. Kijijini fyuzi haipatikani, kigango kina kipaza sauti kimoja, na Misa ya sikukuu ni kesho. Ubunifu wa maskini usidharauliwe. Tunakubali kwamba usidharauliwe. Wengi wetu tumelelewa na mikono iliyoshona ndala kwa waya na kufufua redio kwa betri zilizoanikwa juani. Lakini ndala iliyoshonwa ikikatika, anayechechemea ni mwenye ndala. Ubunifu ulio mzuri hubeba gharama yake mwenyewe. Ule wa karatasi humbebesha jirani asiyeulizwa. Tena fyuzi ya kioo ni miongoni mwa vifaa vya bei ya chini kabisa katika duka la umeme, bei yake haifiki ya soda. Kwetu sisi kilichokosekana ni ujasiri wa kusema kwamba kazi haitakamilika Jumapili.

Na kweli haikukamilika. Jumamosi asubuhi tulimwendea Baba Gambera, tukamweleza yote, pamoja na ile karatasi. Kisha tukapeleka habari parokiani. Paroko aliamua kwamba watoto wasigawanywe, wengine wapate na wengine wakose, basi misalaba yote isubiri. Jumapili watoto 84 walipokea Kipaimara bila misalaba yetu. Baada ya Misa mama mmoja aliyewafundisha katekisimu alitujia na kusema kwa upole tu, "Mafrateri, si mliahidi?" Hatukuwa na la kujitetea. Tuliomba radhi. Jumatatu tulipata fyuzi, tukabadilisha waya wote wa pampu, tukaisogeza mashine mbali na ukuta, na Jumapili iliyofuata misalaba ikagawiwa. Neno la yule mama bado linatuuma, na lingetuuma zaidi kama lingekuwa neno la mama wa yule frateri anayefagia.

Kwa kuwa wengi sasa wana mashine za namna hii katika vikundi vya vijana na vyuo vya ufundi, tuseme wazi jinsi fyuzi inavyobadilishwa. Chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi hakutoshi. Fungua kidroo cha fyuzi kilicho nje, nyuma ya mashine, na usifungue sehemu ya pawa saplai ya leza. Hiyo huzalisha zaidi ya volti 10,000, na umeme huweza kubaki ndani yake hata baada ya plagi kuchomolewa. Soma kioo: ni kisafi au cheusi? Kisipoonyesha kitu, pima kwa multimita, kwa sababu waya huweza kukatika mahali usipoonekana. Tafuta chanzo: chomoa feni na pampu, kagua nyaya zilipobanwa au kukunjwa, angalia maji yaliyomwagika. Kama chanzo hakionekani na kioo ni cheusi, mwite fundi. Ndipo uweke fyuzi mpya yenye maandishi yaleyale, herufi kwa herufi, maana ya ampea kumi mahali pa tano ni karatasi ya sigara iliyovaa suti. Ukiwasha tena, hakikisha kwanza maji yanazunguka, kwa sababu leza bila maji hupasuka, na usiiendeshe mfuniko ukiwa wazi. Mwanga wa leza hii hauonekani, lakini huunguza jicho.

Tena tunatoa mapendekezo matatu kwa nyumba zetu na kwa parokia. La kwanza, kabla ya sikukuu ijayo, kila anayehusika na umeme wa kanisa, ukumbi au nyumba ya mapadre afungue plagi zote, za kipaza sauti, za kinanda, za pasi ya sakristia, na kuondoa karatasi na nyaya zitakazokutwa ndani. Sisi tulianza na seminari. Mbali na ile ya karakana tulikuta tatu, na moja ilikuwa ya birika la chai, ambalo sote hulishika kila asubuhi. La pili, pawepo kopo la fyuzi za akiba na daftari dogo kando yake, ambamo kila fyuzi iliyoungua itaandikwa tarehe, mahali na chanzo chake. Daftari hilo litamsemesha yule atakayekuja wakati sisi hatupo. La tatu, tuache kumsifu aliyewasha taa kwa karatasi. Tumezoea kumpigia makofi fundi aliyeokoa sherehe na kumnung'unikia aliyesema haiwezekani leo. Watu hujifunza haraka kile kinachopigiwa makofi.

Pendekezo hili la tatu linatugusa sisi waseminari kuliko wengine. Katika malezi yetu zipo fyuzi nyingi ambazo si za kioo: ndugu anayekonda, anayeacha kuongea mezani, anayechelewa masifu ya asubuhi wiki nzima. Rahisi ni kumrudisha kwenye ratiba kwa neno moja kali na kuendelea. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Yule mzee angeuliza, amewaambia nini? Hatusemi kila aliyechelewa ana jambo zito. Pengine amekesha na kitabu tu. Tunasema aulizwe kabla ya kubadilishwa.

Fyuzi ile nyeusi ya kwanza hatukuitupa. Tumeibandika kwenye jalada la daftari la karakana kwa utepe wa plastiki, na chini yake tumeandika swali la mzee. Tunawaomba wasomaji wetu, waseminari na waamini, leo jioni mchukue bisibisi na kufungua plagi moja tu. Mkikuta karatasi ndani, msimtafute aliyeiweka. Itoeni, mwekeni fyuzi, na kama fyuzi hakuna, kifaa kikae kimezimwa hadi ipatikane. Mtakatifu Yosefu, Mfanyakazi, atuombee.